SOKO LA MASHINI ZA OKAZI: TUSIANZE NA FOTO



Muhula huu profesa wetu wa Biashara alitupa sisi wa klasi ya sita kazi moja. Alituomba tuchore soko la intaneti, mahali ambapo wenye atelye, wenye mulini, wenye nyumba za kushona, wenye kliniki na wenye imprimeri wanaweza kuuziana vyombo vya kazi vilivyokwisha kutumika. Yaani mashini za okazi. Si viatu wala telefone ya mfukoni. Ni vyombo ambavyo mtu anapatia bukari ya watoto wake.

Tulifanya haraka. Kwa siku tatu tulikuwa na mchoro: foto kubwa juu, beyi chini yake, kibonyezo cha kununua, kikapu pembeni, na nyota tano za kumsifu muuzishaji. Tukapaka rangi ya bluu. Tukafurahi sana. Profesa alitazama karatasi yetu kwa muda mrefu, kiisha akauliza neno moja tu: «Kama baba ya mwenzenu angenunulia hapa, angepona?»

Tukanyamaza sote. Ndiyo maana tunaandika mistari hii. Tunataka kusema wazi maoni yetu: soko la namna hii halianzi na foto, wala na beyi, wala na nyota. Linaanza na ukweli wa mashini. Kama ukweli hauna nafasi yake kwenye ukurasa, intaneti itasaidia watu kudanganyana kwa upesi zaidi, basi.

KISA CHA KOMBINE

Wengi wenu mnajua kwamba mmoja wetu aliacha masomo katikati ya mwaka. Hatutaji jina lake, na yeye mwenyewe aliturudishia ruhusa ya kusimulia. Baba yake ni seremala hapa Lubumbashi. Miaka mingi alipasua mbao kwa msumeno wa mkono na kuzilainisha kwa randa. Siku moja aliona kwenye telefone foto ya mashini ya mbao, ile wanaita kombine: inapasua, inalainisha, inatoboa. Iko Kolwezi. Beyi dola 900. Foto ilikuwa nzuri, chuma kinang'aa.

Alipiga telefone. Masemi yao yalikuwa mafupi:

«Papa, ile mashini iko muzuri?»

«Iko muzuri kabisa, papa. Inatumika.»

«Na motere yake?»

«Motere iko.»

Basi akatuma feza. Ndani ya feza ile kulikuwa minervali ya watoto watatu. Alisema: mashini itazaa minervali mbili. Akalipa tena lori kutoka Kolwezi, kilometa karibu 300, na vijana wa kupakua.

Walipoiwasha, motere ilinguruma, haikuzunguka. Ikanguruma tena, ikatoa harufu, ikatoa moshi. Fundi alifika, akafuta vumbi na rangi kwenye plaketi, akasoma: motere ni ya trifaze, volti 380. Na katika atelye ya baba umeme ni monofaze, waya mbili tu. Wenzetu wa seksioni ya Umeme wanajua: motere ya trifaze ukiipa faze moja haiwezi kuanza peke yake, inakaa pale inakula umeme, inapata moto mpaka nyuzi zake zinaungua.

Alimpigia yule wa Kolwezi kwa hasira. Yule akajibu kwa upole: «Lakini papa, kwangu kuko trifaze. Ilikuwa inatumika kila siku. Hamukuniulizaka.»

Tulikaa na jibu hili wiki nzima. Kwa maana mtu yule hakusema uongo. Mashini ilikuwa nzuri. Motere ilikuwa iko. Foto ilikuwa ya kweli. Watu wawili wenye roho safi walifanya biashara, na mtoto akakaa nyumbani juu ya swali moja ambalo hakuna mtu aliuliza. Kama watu wema wanaweza kuumizana hivi, fikiri sasa pale ambapo mmoja wao ni mjanja.

NAMNA SOKO ZURI LINAVYOKUFA

Profesa alitueleza habari ya mwalimu mmoja wa Marekani, George Akerlof. Mwaka 1970 aliandika makala juu ya soko la motokari za okazi. Magazeti kadhaa ya wataalamu yalikuwa yameikataa kwanza. Lakini mwaka 2001 alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi, pamoja na wenzake wawili, Michael Spence na Joseph Stiglitz. Fikira yake hata mama wa sokoni angeielewa, na sisi tunaieleza kwa mfano wetu.

Tuseme kuko mashini kumi za kushona. Tano ni nzima, kila moja inastahili dola 200. Tano zimechoka, kila moja inastahili dola 60. Muuzishaji anajua yake ni ipi. Mnunuzi hajui. Kwa macho zote ni nyeusi, zote zimepakwa mafuta. Basi mnunuzi mwenye akili anafanya hesabu ya katikati, anatoa dola 130. Mwenye mashini nzima anasema: «Yangu ni ya 200, afazali nibaki nayo.» Anairudisha nyumbani. Mwenye mashini mbovu anasema: «Asante, papa, chukua!» Wiki ifuatayo wanunuzi wamejua kwamba zinazobaki sokoni ni mbovu, wanatoa 60. Soko limekufa. Halikufa juu ya kukosa mashini nzuri. Mashini nzuri ziko, zimelala nyumbani chini ya kitambaa, na fundi anayezitaka anapita mlangoni bila kujua.

Basi kazi ya soko ni nini? Ni kumsaidia mwenye mashini nzima aweze kuonyesha kwamba yake ni nzima. Mengine yote, rangi na kikapu, yanafuata nyuma.

NYOTA TULIZIWEKA MAHALI PABAYA

Wenzetu wa klasi ya tano wanasema: «Kwa nini mnajisumbua? Fanyeni kama eBay, watu watoe nyota, wezi watajulikana.» Ni kweli kwamba eBay, iliyoanzishwa na Pierre Omidyar mwaka 1995, iliweka mapema sana njia ya wanunuzi kuandika maoni juu ya wauzishaji, na njia hiyo ilisaidia watu wasiojuana kuaminiana. Lakini tufikiri. Nyota zinafaa kwa mtu anayeuzisha mara mia. Ukipata watu mia wanaomsifu, unaweza kumwamini. Je, seremala anauzisha kombine mara ngapi katika maisha yake? Labda mara moja, labda mbili. Mama mwenye mulini anauzisha mulini wakati anapozeeka ao anapohama. Nyota zake zitatoka wapi? Mtu mwaminifu kabisa atakuwa na sifuri, na mjanja aliyeuzisha vitu vidogo ishirini kwa uaminifu atakuwa na tano, kiisha atauzisha kitu cha ishirini na moja kwa uongo na kukimbia.

Wale wanaouzisha mashini kubwa za ujenzi walifahamu jambo hili. Kule Marekani, IronPlanet, iliyoanza mwaka 1999, iliuzisha matrakta na mashini za kuchimba kwa intaneti, kwa watu ambao hawakuzigusa. Namna gani waliweza? Walituma mkaguzi. Mkaguzi anakwenda pale mashini iko, anaiwasha, anaandika karatasi, na kampuni inasimama nyuma ya karatasi ile. Ritchie Bros. ya Canada, iliyozoea kwa miaka mingi kuuzisha mashini kwa mnada wa uwanjani, iliinunua IronPlanet mwaka 2017. Mnada wa uwanjani na soko la intaneti vilikutana kwenye neno moja: kabla ya feza, mtu aione mashini.

Sisi hatuna feza ya kampuni hizo. Lakini tuna mtu ambaye yuko tayari kila kona ya mji. Ni komisioneri.

TUSIMFUKUZE KOMISIONERI

Hapa tunajua wengi watatukatala. Katika klasi yetu mwenyewe tulibishana mpaka kengele. Nusu walisema: «Soko la intaneti litawamaliza makomisioneri, na ni vizuri, sababu wao ndio wanapandisha beyi na kusema uongo.»

Tunajibu: komisioneri anajua kitu ambacho intaneti haijui. Anajua kwamba atelye fulani inafungwa mwezi ujao. Anajua mulini gani uliwahi kuvunjika na nani aliutengeneza. Anatembea, anaona, anasikia. Ubaya wake uko pahali pamoja tu: analipwa kama mashini inanunuliwa, halipwi kama hainunuliwi. Hata ungekuwa wewe, ulimi wako ungeinama upande wa «iko muzuri».

Basi tugeuze namna ya kumlipa. Mnunuzi amlipe beyi moja inayojulikana kwa kwenda kutazama na kuandika, iwe mashini inanunuliwa ao hainunuliwi. Afundishwe na fundi namna ya kusoma plaketi na kupima volti. Jina lake liandikwe chini ya karatasi aliyoijaza. Na hapa ndipo nyota zinafaa! Muuzishaji anauzisha mara moja, lakini mkaguzi anatazama mashini nyingi kila mwezi. Baada ya mwaka, kila mtu atajua karatasi za nani ni za kweli. Ambaye karatasi zake zinaonekana za uongo, aondolewe bila huruma. Nyota ziwe kwa macho yanayotazama.

Kuna faida nyingine. Masoko mengi yanataka asilimia fulani ya beyi. Matokeo tunayajua: watu wanakutana kwenye ukurasa, wanapeana namba, wanamaliza biashara pembeni, soko linabaki na njaa. Lakini kama soko linaishi kwa beyi ya ukaguzi, hakuna sababu ya kukimbia. Kitu unacholipia ni ukweli, na umekwisha kuupata.

KARATASI YA MASWALI TISA

Tulifuta mchoro wetu wa bluu. Juu ya ukurasa mpya hakuna foto kubwa. Kuko karatasi yenye maswali tisa, na tangazo halitoki mpaka yote yamejibiwa:

1. Jina la fabrika, modeli, na namba ya mashini kama ilivyochongwa kwenye plaketi.
2. Volti ngapi, hertsi ngapi, kilowati ngapi, monofaze ao trifaze?
3. Ilitengenezwa mwaka gani, na wewe unayo tangu mwaka gani?
4. Ilifanya kazi mwisho siku gani, na kazi gani?
5. Kitu gani kilikwisha kutengenezwa, kubadilishwa ao kubobinwa?
6. Kitu gani kinakosekana ao kina ubaya leo?
7. Piyesi zake zinapatikana wapi?
8. Uzito wake ni kilo ngapi, na nani atalipa kupakia na njia?
9. Kwa nini unauzisha, na karatasi yako ya kuinunua iko wapi?

Swali la pili tulipewa na yule mwenzetu aliyeacha masomo. Tulikwenda kumwona kwenye atelye ya baba yake, akaweka msumeno chini, akasema: «Andikeni kwanza waya ngapi.» Tukaandika.

Wengine watasema swali la hertsi ni la kujionyesha. Hapana. Hapa kwetu umeme ni volti 220 na hertsi 50. Marekani ni volti 120 na hertsi 60. Japani ni volti 100. Mashini za okazi zinafika kwetu kutoka pande zote, zingine kwa bandari ya Dar es Salaam, zingine kwa Afrika ya Kusini, zikipita Kasumbalesa. Chombo cha volti 100 ukikitia kwenye 220 kinaungua mara moja. Na motere ya hertsi 60, ile ya ncha nne, imefanywa kwa mwendo wa karibu mizunguko 1800 kwa dakika. Kwenye hertsi 50 inashuka karibu 1500. Mulini utasaga polepole, na mama atafikiri amedanganywa, kumbe ni hesabu tu.

Swali la sita lisikubali nafasi tupu. Asiye na ubaya wa kutaja aandike «hakuna» na atie jina lake. Kuandika «hakuna» ni neno zito kuliko kunyamaza. Tena sheria iko. Tangu tarehe 12 Septemba 2012 inchi yetu iko ndani ya OHADA, na sheria yake ya biashara inataka muuzishaji atoe kitu kinachofanana na kile walichopatana. Karatasi ikisema monofaze na mashini ikiwa trifaze, mnunuzi ana kitu cha kuonyesha mbele ya watu. «Motere iko» haionyeshi kitu.

Tunaomba pia karatasi iwe kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, upande kwa upande. Baba zetu wengi wanasoma Kiswahili vizuri. Kwa nini watie sahihi kwenye maneno ya lugha inayowapita?

NAMBA NA VITU VISIVYOINGIA

Namba ya swali la kwanza ina kazi nyingine. Haut-Katanga na Lualaba ni inchi ya migodi. Pampu, kebo, motere na transformateri ziko nyingi, na nyingine zinatembea usiku. Hatutaki kujenga soko ambalo wezi watalifurahia. Basi namba ya kila mashini ionekane kwa wote. Namba ikitokea mara mbili, ao kama ilitangazwa kwamba iliibiwa, tangazo lisimame. Kampuni iandike namba yake ya RCCM. Mashini yenye plaketi iliyong'olewa isiingie, mpaka mwenyewe alete karatasi ya kwanza.

Na kuko vitu ambavyo hata kwa beyi ya bure visiuzishwe. Mafuta ya transformateri za zamani yanaweza kuwa na sumu inayoitwa PCB, ambayo mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 unataka iondolewe duniani. Watu wanafungua transformateri ya kale kwa kutafuta shaba, wanamwaga mafuta chini ao wanayaweka kwenye chupa. Soko liseme: transformateri ambayo mafuta yake hayakupimwa haiuzishwi hapa. Vilevile mashini iliyokufa kabisa isiitwe okazi. Iitwe chuma, na iuzishwe kwa kilo.

FEZA ISIMAME KATIKATI

Jambo la mwisho ni feza. Baba ya mwenzetu alituma yote mbele ya kuona. Lakini hata yule wa Kolwezi angefanya vibaya kutuma mashini mbele ya feza. Kila mmoja anaogopa mwenzake, na wote wana haki ya kuogopa.

Kule China, Alibaba ilikuta woga huohuo kwenye soko lake Taobao. Alipay, iliyoanza mwaka 2004, ilikuwa dawa yake: mnunuzi analipa, feza inashikwa katikati, muuzishaji anaona kwamba feza iko lakini haigusi mpaka mnunuzi akubali amepokea kitu chake. Kwetu watu wamezoea kutuma feza kwa telefone. M-Pesa ilifika Kongo mwaka 2012, na Airtel Money na Orange Money ziko pia. Njia ya kutuma iko. Mahali pa kushikia ndipo panakosekana. Lakini tunaonya: kushika feza ya watu si kazi ya wanafunzi, wala ya kijana mwenye ordinatere moja. Ishikwe na benki ao na kampuni iliyo na ruhusa ya Banque Centrale, na soko litoe amri tu ya kuifungua.

Na feza ifunguliwe lini? Tulisema kwanza: mashini ikifika. Wenzetu wa Umeme walitusahihisha. Mnunuzi mjanja anaweza kubadilisha motere nzima kwa motere mbovu, kiisha akalia kwamba alidanganywa. Kwa hiyo mashini ijaribiwe kwa muuzishaji, mbele ya mkaguzi, kabla ya kupandishwa kwenye lori. Tena ijaribiwe kwa kazi yenyewe, si kwa kuzunguka tupu: kombine ipasue ubao mgumu, mulini usage mahindi, mashini ya kushona ishone jinzi. Mkaguzi apige foto ya plaketi siku ile. Ndiyo, foto! Hatuzikatai zote. Foto ya plaketi inafaa kuliko foto kumi za rangi inayong'aa. Mashini ikifika, namba inalinganishwa, inawashwa, na siku tatu zikipita bila kilio feza inafunguka. Hasara ya njiani ni ya nani? Iandikwe mbele kwenye swali la nane, si baada ya lori kuanguka.

WANAOSEMA TUNACHELEWESHA

Kuko wanaosema: «Soko lenu ni zito. Watu watakimbilia vikundi vya WhatsApp, kule unatupa foto na beyi, dakika moja imekwisha.» Ni kweli, hatufichi. Kwa kiti na meza, wakimbilie kule, hakuna ubaya. Lakini kwa chombo kinachokula minervali ya watoto watatu, siku mbili za kungoja mkaguzi ni kitu gani? Yule baba alipata mashini yake upesi sana, na miezi mingi imepita anapasua tena kwa mkono.

Neno moja tunawapa haki. Soko letu lisiwe zito kwa telefone. Foto moja inaweza kula mega 4, na mega ni feza. Basi maswali tisa yafunguke kwanza, kama maandishi tu, hata kwenye telefone ya beyi ndogo. Foto ya plaketi ipunguzwe na ije baadaye, kama mtu anaitaka. Kumbe hapa pia ukweli ni mwepesi kuliko mapambo.

Wala tusianze na kila kitu pahali pote. Tungependa kuanza na aina tatu tu, mashini za kushona, milini na mashini za mbao, hapa Lubumbashi na Likasi. Soko lenye mashini hamsini za aina moja katika mji mmoja linaishi. Soko lenye mashini hamsini za aina hamsini katika inchi nzima ni makaburi ya matangazo.

KWA KUMALIZIA

Wapenzi wasomaji, hatujui kama soko hili litajengwa na sisi, ao na ndugu zetu watakaotufuata, ao na watu wakubwa wenye feza. Wowote watakaolijenga, tunawaomba waanze na karatasi, si na foto. Watu wetu hawakosi mashini, na uaminifu hawakuupoteza. Wanakosa mahali ambapo swali linalofaa linaulizwa kabla ya feza kutoka mfukoni.

Kuko kazi ambayo kila mmoja wetu anaweza kufanya likizo hii bila feza na bila intaneti. Nyumbani kwenu ao kwa jirani kuko mashini. Chukua kitambaa, futa vumbi kwenye plaketi, nakili yote kwenye daftari, uliza mwenyewe kama anajua maana ya kila namba. Tulijaribu katika atelye tatu za kwanza karibu na masomo. Mafundi wenye miaka mingi kwenye kazi walituambia hawajapata kusoma ile plaketi, sababu hakuna aliyewaonyesha. Tulisoma pamoja nao. Hawakutucheka.

Mkirudi, leteni madaftari yenu kwenye klasi ya sita. Yule mwenzetu atakuwa hapo kila Jumatano alasiri kutusaidia kuyapanga, sababu anajua mashini za mbao kuliko sisi wote. Tumekwisha kumwomba Bwana Prefe atazame namna ya kumrudisha muhula ujao, walipe minervali kidogo kidogo. Nafasi yake kwenye benchi ya pili, upande wa dirisha, hatujampa mtu.

Sisi wanafunzi wa klasi ya sita, Biashara na Usimamizi, pamoja na wenzetu wa Umeme.